Waridi la Moto, Bungo la Barafu

Mwanangu alinifanya muonjaji bila kuniuliza. Jumamosi moja asubuhi nilitoka chumbani, kanga kifuani, nikitafuta chai yangu kama mtu yeyote mwenye haki zake, nikakuta meza ya jikoni imejaa vikombe. Vilikuwa kumi na viwili, vimepangwa mistari miwili, kila kimoja kimebandikwa kikaratasi. Kushoto vya moto, kulia vya barafu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati, amefunga aproni, kama msimamizi wa mtihani.

"Shikamoo mama. Kaa hapa. Usipige mswaki kwanza."

"Marahaba. Nisipige mswaki kwa nini?"

"Dawa ya meno inaharibu ulimi."

Niseme mapema kwamba mimi na kahawa ya maziwa hatuelewani. Kahawa ninayoijua ni nyeusi, chungu, inamiminwa kwenye kikombe kisicho na mkono, unaiteremsha kwa kashata. Hii ya povu juu, wanayoiita latte, niliichukulia kama uji wa watu wenye haraka. Lakini mwanangu alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwenye duka la kahawa Dar, akaacha, akarudi nyumbani Kibaha na mashine iliyokwishatumika aliyoibeba mapajani kama mtoto mchanga. Alitaka kufungua kibanda chake kando ya barabara ya Morogoro, wanaposhuka watu wa maofisini. Na kwa kuwa kahawa ya maziwa ya kawaida kila mtu anayo, yeye angeuza ya matunda na maua.

"Maua," nilimwambia. "Watu wa Kibaha wanywe maua."

"Onja kwanza, halafu ugombe."

Basi nikaonja. Embe la moto lilikuwa uji wa mtoto anayeota meno. Embe la barafu, nakiri, nilimaliza kikombe chote kabla sijakumbuka kwamba nilitakiwa kunywa funda moja. Ukwaju wa moto ulikuwa msiba. Maziwa yalikatika vipande vipande, yakaelea juu huku maji ya kahawia yakibaki chini, na mwanangu akakiondoa kikombe mezani haraka kama anaficha ushahidi. Nanasi sikulielewa, la moto wala la baridi. Asumini ya moto ilinirudishia nywele za bibi harusi. Ya barafu ilikuwa maziwa tu, ua lenyewe sikuliona. Kuna nyingine inaitwa lavenda, inatoka kwenye chupa yenye maandishi ya kigeni. Hiyo, moto na baridi, ilikuwa sabuni ya kufulia nguo za ndani, na nilisema hivyo hivyo.

Kisha nikafika kwenye waridi. La barafu lilikaa kimya mdomoni. Nikanyanyua la moto, na kabla halijanigusa mdomo, harufu ilipanda na kunijaa uso mzima. Nilifumba macho. Sijui nilikaa hivyo muda gani, nilikuja kumsikia mwanangu anacheka.

"Mama umenogewa."

"Mbona la barafu halina kitu, na ni chupa ile ile?"

"Harufu inapanda na mvuke," alinieleza, na hapo ndipo nilipomwona kweli anaijua kazi yake. "Ukiweka barafu, harufu inalala. Ya moto unaonja kwa pua. Ya barafu unaonja kwa ulimi peke yake."

Mimi ni mtu wa masijala. Miaka ishirini na zaidi nimepokea barua, nimezipiga muhuri na kuzitia kwenye majalada. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye kikaratasi cha waridi: moto, ipite. Yale maneno mengine aliyoniambia kuhusu pua na ulimi niliyatia jaladani nikayasahau, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ingekuwa zamani, kazi ya kuonja isingenifikia mimi. Ulimi wa ukoo wetu ni wa mama yangu. Kule Kisarawe, hakuna pilau ya harusi iliyoteremshwa jikoni kabla yeye hajaitwa. Alikuwa hakai na sahani. Anasimama pembeni ya sufuria, anakinga kiganja cha kushoto, mpishi anamdondoshea tone la mchuzi katikati ya kiganja, analamba, anatazama juu, kisha anasema: chumvi bado vidole viwili. Au: iliki mmeitia mwisho, mlisahau. Na kweli walikuwa wamesahau. Mwezi wa Ramadhani alionja futari kwa ncha ya ulimi, akatema, na hata siku moja hatukufuturu chakula kilichokosewa. Mtu pekee aliyemshinda ni baba yangu, aliyekuwa akitia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai. Vinne, vya kujaa. Mama aligeuza uso kila alipokoroga. "Hiyo si chai," alimwambia kila asubuhi ya ndoa yao, "hiyo ni asali yenye majani."

Baba alifariki miezi miwili kabla ya Jumamosi ile ya vikombe. Mama akaingia eda. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatii wanja wala hina, hajipaki manukato, hatoki bila dharura. Shangazi yangu, dada wa baba, alihamia pale nyumbani Kisarawe kumwangalia wifi yake, na shangazi akishika jambo amelishika.

Eda haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba mama aliacha kula.

Hakukataa. Angekataa tungegombana naye, na kugombana nakuweza. Aliletewa sahani, akashukuru, akatia tonge moja mdomoni, akalitafuna muda mrefu, kisha akaisogeza sahani taratibu. "Halina ladha," alisema. Uji hauna ladha. Supu haina ladha. Yule mwanamke aliyeweza kukwambia nazi yako ni ya jana au ya leo, akawa anasema kila kitu hakina ladha. Tulimpeleka hospitali, wakampima kila kinachopimika, wakasema hana ugonjwa, ale tu. Ale tu! Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja kiunoni sasa ilimzunguka mara mbili. Nilipomkumbatia nilihisi mifupa ya mabega, na nilirudi Kibaha siku hiyo nimefunga kioo cha gari ili mwanangu anayeendesha asisikie ninavyovuta pumzi, jambo lisilo na maana kwa kuwa alikuwa amekaa pembeni yangu.

Niliogopa. Nilikuwa nimeshamzika mmoja, na niliona wa pili anaondoka kidogo kidogo mbele ya macho yetu, tonge kwa tonge. Mimi nikiogopa hugomba. Niligombana na shangazi kwamba hampiki vizuri, na mwanangu kwamba anaendesha polepole, na muuza kuku kwamba kuku wake wa kienyeji si wa kienyeji.

Na tulimpikia, Mungu anajua. Uji wa pilipili manga, unatoka moshi. Supu ya kuku, inatoka moshi. Chai ya tangawizi ya kuunguza ulimi. Shangazi alikuwa na sheria moja juu ya zote: mjane hapewi kitu cha baridi. Alisema mtu aliyefiwa mwili wake umefunguka, baridi ikimwingia haitoki. Hata maji ya kunywa yalipashwa. Hakuna aliyembishia, maana sote tumekulia humo. Mimi mwenyewe nilipokuwa mzazi nilikatazwa hata kushika chupa iliyotoka kwenye friji.

Kwa hiyo nilipoinusa ile waridi ya moto nikapata wazo, na lilikuwa linatoka moshi pia. Kama kitu hiki kimeniamsha mimi nisiyependa kahawa ya maziwa, basi kitaamsha ulimi wa mama. Mwanangu alifurahi. Alikuwa anataka bibi yake aipitishe orodha kabla hajafungua kibanda, ila akasema tupeleke na za barafu.

"Barafu kwa mtu mwenye eda?" nilimwambia. "Shangazi atatutimua hadi Pugu."

Nilimpigia shangazi simu kwanza, kwa ajili ya maua. Nilijua atauliza kama kinywaji chenye harufu ya waridi si manukato. Akasema atamuuliza ustadhi. Jioni akanijibu kwa sauti ya mtu aliyetarajia jibu jingine: ustadhi amesema asijipake, lakini kunywa anywe tu. Roho yangu ikatulia. Nikaona nimeshamaliza maswali yote yaliyokuwepo.

Jumapili tulikata njia ya Kiluvya inayopanda hadi Kisarawe. Chupa ya chai nilikuwa nimeibana katikati ya miguu, imejaa, kifuniko nimekikaza mara mbili. Mwanangu alinyamaza njia nzima, na nilidhani ana wasiwasi na kahawa yake.

Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Tuliamkiana. Mjukuu wake alimbusu mkono. Shangazi akaleta vikombe vizuri, vya kabatini, na hilo peke yake lilinitia moyo. Nilipiga magoti mbele ya mama kama muuza kahawa wa kijiweni, nikafungua chupa, nikamimina. Mvuke ulipanda. Sebule nzima ikajaa waridi.

Mama alikipokea kikombe. Akakileta karibu na uso. Mkono ukaanza kutetemeka, kahawa ikamwagika kwenye kisosi. Alikiweka chini, taratibu sana, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye dirisha la kwanza, analifungua. Akafungua la pili. Kisha akanigeukia.

"Hivi nyie mna akili kweli? Si humu ndani ndimo tulimonyunyiza marashi siku ya kumtoa kaka yangu?"

Ni kweli. Jeneza lilikuwa pale pale ulipo mkeka. Wanaume wanasubiri nje kulibeba, na ndani tulinyunyiza marashi ya waridi juu ya shuka, na sakafuni, na kwenye pembe zote nne za chumba. Na aliyeshika mrashi, ile chupa ya shingo ndefu, nilikuwa mimi. Lakini siku hiyo nilikuwa nimelia tangu alfajiri, pua imeziba kabisa, napumua kwa mdomo. Nilinyunyiza chupa nzima na sikusikia harufu hata kidogo. Harufu ile ilimwingia kila mtu mle ndani isipokuwa mimi, mwenye chupa. Nilikuwa nimemletea mama yangu harufu ya maziko ndani ya chupa ya chai, nimepiga magoti, natabasamu.

Shangazi bado alikuwa anasema. Nilimwacha anaendelea, maana alikuwa na haki, nikaenda kugonga mlango wa chumba.

"Ingia," mama alisema.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wake. Upande wa baba mto ulikuwa umetandikwa. Nilikaa chini miguuni pake nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono.

"Nikwambie kitu, usije ukaniona nimechanganyikiwa."

"Niambie mama."

"Si kweli kwamba chakula hakina ladha. Nilisema hivyo kwa kuwa ndiyo rahisi." Alinyoosha ukingo wa shuka. "Kina marashi. Tangu siku ile, kila mnacholeta kinanukia marashi. Uji, marashi. Supu, marashi. Chai ndiyo kabisa. Ule moshi ukinifika tu puani, koo linafunga. Leo nilipokishika kikombe chako nikasema, haya, sasa na wengine wanaisikia."

"Mama! Miezi miwili! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba namnusa baba yenu kwenye supu?"

Nilicheka. Haikuwa sahihi kucheka, lakini kilinitoka, na yeye mdomo ukamcheza upande mmoja. Kisha nikalia, na nililia vibaya, kwa sauti, kama sikuwahi kulia msibani. Nililia kwa sababu sasa nilijua adui yetu ni nani. Kwa miezi miwili tulikuwa tunampikia mtu yule yule kitu kimoja alichokuwa anakikimbia. Si uji wala supu. Mvuke. Tulimpelekea mvuke asubuhi, mchana na jioni, na kila alipokonda tuliongeza moto.

Ndipo jalada likafunguka kichwani. Ya moto unaonja kwa pua. Ya barafu unaonja kwa ulimi peke yake.

Nilitoka chumbani mbio hata nikajikwaa kwenye mkeka. Mwanangu alikuwa amekaa kibarazani, kichwa ameshika, anadhani biashara yake imefia mikononi mwa bibi yake.

"Barafu inapatikana wapi hapa Kisarawe, siku ya Jumapili?"

Alinitazama. Kisha akatazama gari, kwa aibu.

"Kwenye buti," alisema. "Nimebeba deli zima, lile boksi la kutunza baridi. Nilijua utakataa, nikaliweka usiponiona. Kuna barafu, kuna tui, kuna kahawa imepoa. Na bungo. Nililitengeneza jana, halikuwemo kwenye orodha yako."

Mtoto huyu nimemsema kwa ukaidi tangu ana miaka mitatu. Siku hiyo nilimshika uso kwa mikono yote miwili nikambusu paji la uso.

Kazi ikaanza pale pale sebuleni. Rojo la njano la bungo, lile tunda chachu la pwani, chini ya glasi, barafu juu yake mpaka shingoni, tui la nazi badala ya maziwa ili uchachu usilikate, na mwisho kahawa nyeusi, inashuka polepole katikati ya weupe. Barafu ilipogonga kioo, shangazi alitokea jikoni.

"Barafu! Mnataka kumuua wifi yangu?"

"Shangazi," nilisema, na sijawahi kumpandishia sauti tangu nizaliwe, "kwa heshima zote, huko kwenye moto tumeshafika mwisho. Tuache tujaribu huku."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Yakimpata, mimi simo," alisema, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha karibu kabisa, mikono kifuani.

Nilimwita mama. Alitoka, akasimama mlangoni, akavuta hewa kwa tahadhari. Madirisha yalikuwa wazi na upepo wa kilimani ulikuwa umeshaichukua ile harufu yangu. Akakaa. Mwanangu alimpa glasi, naye hakuipokea. Badala yake alikinga kiganja cha kushoto.

Sikuwa nimekiona kiganja kile kikikingwa tangu msiba. Mwanangu alimdondoshea tone. Mama akalamba. Akatazama juu, kwenye mabati. Akakikinga tena. Tone la pili. Akalamba, akafikiri, akatafuna kitu kisichokuwepo.

"Nani katengeneza hii?"

"Mimi, bibi."

"Bungo ulilikamua na mbegu zake?"

"Ndiyo, bibi. Niliponda kwa mashine."

"Ndiyo maana. Huu uchungu wa mwisho si wa kahawa, ni wa mbegu zilizovunjika. Bungo linasuguliwa kwa mkono, mbegu zinabaki nzima." Akanyoosha mkono akaichukua glasi. "Na sukari yote hii ya nini? Babu yako ndiye mteja?"

Kisha shangazi, yule yule shangazi, akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama hakucheka. Alikuwa anakunywa. Alikunywa kwa mafunda marefu, kwa haraka, kama mtu aliyetoka safari, mpaka barafu ikabaki peke yake inagongana chini ya glasi. Nilikuwa nimeshikilia mguu wa kiti na sikujua. Nilihisi kama mtu amenitua ndoo ya maji kichwani, ndoo niliyoibeba siku nyingi hata nikasahau kwamba si sehemu ya shingo yangu.

"Kuna wali wa jana?" mama aliuliza.

"Upo," shangazi alisema, akainuka haraka. "Nakupashia sasa hivi."

"Usiupashe."

"Wifi! Kiporo? Watu watasema nakulisha kiporo kwenye eda ya kaka yangu!"

"Waseme. Lete na maharage yake, hivyo hivyo yalivyoganda."

Akala. Alikula kwa mkono, matonge ya ukubwa wa kawaida, mbele ya watu watatu waliokuwa wanamtazama kama wanatazama mpira. Alipomaliza alilalamika kwamba maharage hayakutiwa nazi ya kutosha. Sijawahi kusikia lalamiko tamu kama lile.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ya Kisarawe ikawa nyumba ya vitu vya baridi. Shangazi hakukiri kwamba alikosea, wala mimi sikumdai, maana mimi kosa langu lilikuwa linanukia zaidi. Lakini nilimkuta kwa macho yangu amekaa na bakuli la supu mapajani, analipepea kwa kipepeo cha mkaa mpaka lisitoe hata uzi mmoja wa moshi, ndipo analipeleka. Mihogo ilichemshwa asubuhi ikaliwa mchana. Tulipeleka maembe, mtindi, na kila Jumapili deli la barafu. Bungo sasa lilisuguliwa kwa mkono. Kanga ya mama ikarudi kufungwa mara moja. Wenzangu wa masijala waliniuliza nimepata nini, mbona sigombi.

Eda ikaisha. Alioga, akavaa nguo mpya, watu wakaja wakasoma dua, na wiki iliyofuata akasema anataka kuja Kibaha kukiona kibanda cha mjukuu wake, kilichokuwa kimefunguliwa mwezi mmoja tayari. Ni kibanda kidogo cha bati, kina viti vinne vya plastiki na ubao ulioandikwa kwa chaki. Nilimkalisha kivulini. Mwanangu alikuwa ameshaanza kuvunja barafu.

"Ile ya waridi mnayo?" mama aliuliza.

Mwanangu akanitazama. "Tunayo, bibi. Nikutengenezee ya barafu?"

"Ya moto."

"Mama, si lazima," nilisema.

"Kwani nani kasema lazima?"

Kikombe kikaja, kinatoka mvuke. Alikizungushia viganja vyote viwili akainamisha uso juu yake. Nilikuwa tayari nimenyanyuka nusu, mkono umeshafika karibu na kikombe, nikikiona kinatetemeka nikinyakue. Hakikutetemeka. Alivuta harufu mara moja, polepole, mpaka mwisho wa pumzi. Akavuta tena. Macho yalimjaa maji, hayakumwagika.

"Niletee sukari," alisema.

Mwanangu akaleta kopo. Mama, ambaye maisha yake yote sijamwona akizidisha kijiko kimoja, akachota kijiko cha kujaa akatia. Akatia cha pili. Cha tatu. Cha nne. Akakoroga, akanywa funda, uso ukamkunjamana wote.

"Mbaya sana," alisema.

Na akainywa yote, bila haraka, mpaka sukari iliyobaki chini akaichokonoa kwa kijiko. Niliketi kwenye kiti changu sawasawa kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nikaegemea, nikapumua. Magari yalikuwa yanapita kwenda Mlandizi na sisi tumekaa tu.

Alipomaliza alifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akakisukuma kikombe kitupu upande wa mjukuu wake.

"Haya," alisema. "Sasa nitengenezee na yangu."